Kumbikumbi Mnakaanga, Mchwa Mnamwagia Sumu

Juzi nimepigiwa simu tena. Mzee mmoja ana kichuguu katikati ya shamba la mahindi, anataka dawa "inayoua mpaka malkia". Nikamuuliza: mzee wangu, kumbikumbi mnaowakaanga mvua zikianza wanatoka wapi? "Wale wanatoka ardhini tu." Wanatoka humo humo! Kumbikumbi ni mchwa aliyeota mabawa, anaruka kwenda kuanzisha kichuguu chake. Akikutana na beseni la maji chini ya taa yenu, safari imeishia hapo.

Wala si jamaa ya siafu. Ndugu yake wa karibu ni mende. Haya, twende.

Kinachonichosha ni ile kauli ya "mchwa anaua miti". Duniani kuna karibu aina 3,000 za mchwa, na zinazosumbua nyumba na mashamba ni chache. Huyu wa vichuguu vikubwa, Macrotermes, anatafuta kilichokauka: nyasi, majani, mabua, mavi ya ng'ombe ya zamani. Ukiona udongo umepanda kwenye shina la mwembe, ukwangue kwa kucha. Mara nyingi chini yake utakuta anakwangua gome lililokufa zamani, huku mti wenyewe ukiwa mbichi. Ule udongo ni paa lake tu, maana ngozi yake laini na jua linamkausha. Na mti uliokufa kwa kiu au ugonjwa, yeye amefika baadaye. Unamkuta mwosha maiti kazini, unamshtaki kwa mauaji!

Mahindi je? Hapo sibishi, hasara ipo. Lakini tazama mpangilio wenyewe. Mabua umechoma, yaliyobaki umelisha ng'ombe, shamba limefagiliwa likawa kama uwanja wa harusi. Msimu ukiisha, kitu kikavu pekee kilichosimama ni hindi lako. Atakula nini? Miche ya mikaratusi nayo huzidiwa na mchwa kuliko miti ya kwetu. Mkaratusi ni mgeni kutoka Australia, hajamzoea mchwa wetu.

Vitabu vinasema tandaza mabua, mchwa ahangaike nayo. Kuna shamba nimeona yakimvuta akayaacha mahindi, na kuna shamba yalikuwa kama kadi ya mwaliko. Ndiyo maana nasema jaribu mistari miwili kwanza, usinilaumu.

Sasa kazi yake. Kichuguu kikibomoka utaona ndani vitu kama sponji kavu za kahawia, zenye vitone vyeupe mithili ya vichwa vya pini. Hiyo ni bustani. Mchwa anameza majani makavu, anayatoa nusu yameyeyushwa, kuvu inamalizia kazi ngumu, kisha anarudi kuila. Uyoga mnaochuma kichuguuni masika unaota kwenye bustani hiyo.

Huku akipandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini na kutoboa njia ambazo mvua inapitia. Kule Mpala, kituo cha utafiti huko Laikipia, Kenya, watafiti walionyesha mwaka 2010 kwamba mimea na wadudu hunawiri zaidi karibu na vichuguu, na kwamba vile vichuguu vimepangika kwa nafasi karibu sawa, utadhani kuna mtu aliyepima kwa kamba. Burkina Faso wakulima wanachimba vishimo kwenye ardhi iliyoganda, wanatia samadi, na mchwa wanafuata kuja kuilegeza. Wanamwita kwa makusudi! Sisi tunauliza bei ya sumu.

Ile hadithi kwamba kichuguu kina kiyoyozi kama cha ofisini, ipunguzeni kidogo. Wataalamu bado wanabishana hewa inasukumwa na nini: joto la ndani, upepo, au tofauti ya usiku na mchana.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza kama ile dawa inaharibu uyoga pia.

Mchwa wakifa, mzee wangu, uyoga nao basi.

"Mke wangu hatakubali," akasema, akakata simu.