Usisubiri Woga Uishe Ndo Uruke

Kuna mtu kaahirisha tena tandemu yake, yaani kuruka na parachuti kutoka kwenye ndege akiwa kafungwa kwa mkufunzi, sababu ileile: "nasubiri kwanza woga uishe." Jamani! Hii kauli imenichosha, na kinachoniuma zaidi ni kwamba kuna watu wanaihubiri kabisa, eti jiandae kisaikolojia mpaka usijisikie chochote ndo upande ndege. Mimi ni mkufunzi, kazi yangu ni kuruka na wageni wamefungwa kifuani kwangu, na nawaambia ukweli, hiyo siku mnayoisubiri haiji.

Mwili wako haujawahi kutoka kwenye ndege mita 4,000 juu ya ardhi, sasa utulie kwa lipi? Miaka ya 1960 kule Marekani, wanasaikolojia Epstein na Fenz walipima warukaji wapya na wazoefu wakakuta hata wazoefu wanaogopa, ila mgeni woga unampanda kadiri muda wa kuruka unavyokaribia, mzoefu unampanda mapema halafu unashuka kabla hajafika mlangoni. Huyo mzoefu kafika hapo kwa kuruka, tena na tena. Hakukaa nyumbani akausubiri upite.

Vifaa nitavipitia chapchap. Parachuti ziko mbili, kuu na ya akiba, na kuna kifaa kinasoma mwinuko, kikiona mko chini na bado mnaanguka kwa kasi kinaifungua ya akiba chenyewe. Lile tumbo kupanda kooni mnaloliogopa, ukitoka kwenye ndege karibu halipo kabisa, kwa sababu unatoka tayari una mwendo wa ndege na upepo unakupokea, halafu kasi inapanda kwa kama sekunde kumi hivi mpaka karibu kilomita 200 kwa saa. Ukiruka kutoka kwenye puto lililotulia hewani, hapo ndo utalisikia. Kula kitu chepesi asubuhi, msije na njaa mkidhani ndo hamtatapika, njaa nayo inatapisha. Pombe hapana, hatukupandishi.

Sasa hili ndo linanikera kuliko yote. Watu wanadhani mteja mgumu ni yule anayetetemeka. Anayetetemeka huku anauliza maswali, hata anayelia, mimi sina shida naye kabisa. Ninayemhofia ni yule aliyetulia kupita kiasi, kila unachomwambia "sawa, sawa, sawa", macho kayakodoa sehemu moja. Huyo hasikii kitu! Mwili upo, masikio yameshafungwa. Tukifika kama mita 3,000 naanza kukaza mikanda ya ubavuni, na hapo ndo wengi wanaganda maana kule kubanwa kunawaambia kwamba sasa ni kweli. Simuulizi "uko poa?", kila mtu atakwambia poa. Namwambia, "Haya nieleze, tukifika mlangoni miguu inakwenda wapi?" Akinijibu inapinda nyuma chini ya ndege, nyonga mbele, kichwa begani kwangu, mikono kwenye mikanda ya kifuani, basi, aogope atakavyo, tunaruka. Akinyamaza namgusa bega tunaanza upya mpaka ayatamke mwenyewe. Akili ikishapewa kazi woga unabaki palepale, ila hauzibi masikio tena.

Kuhusu kupumua, vitabuni wanaandika vuta hewa ukihesabu mpaka nne, toa ukihesabu mpaka nne. Chini ardhini sawa. Ndani ya ndege yenye kelele, umebanwa na mikanda na mtu mzima mgongoni, sijaona ikisaidia kama wanavyoahidi, wengine ndo wanazidi kuhema mpaka vidole vinakufa ganzi. Mimi nawaambia pigeni kelele tukitoka tu, maana wengi wanabana pumzi halafu wanatua wanadai kule juu hakuna hewa. Hewa ipo! Ukipiga kelele lazima utoe pumzi, na ukiitoa utaivuta nyingine.

Halafu kuna swali ambalo miongozo yetu inaliandika kama vile ni jepesi: mteja akikataa, hamruki. Sawa kabisa. Ila "siwezi" ya mlangoni ina aina mbili, kuna ya mtu anayetaka kweli ila kabanwa na woga, na kuna ya mtu aliyeletwa na marafiki ambaye tangu mwanzo hakutaka. Namuuliza, "Tushuke na ndege?" Wa kwanza mara nyingi anakataa palepale, wa pili unaona mabega yanashuka kabla hajajibu, na huyo tunarudi naye chini bila maneno mengi. Katikati yao kuna wanaosema "sijui." Wapo niliowatuliza wakakubali, tukaruka, tukatua salama, wakashukuru kwa adabu wakaondoka. Hao ndo bado nawafikiria, kwa sababu mpaka leo sina uhakika kama walikubali kwa kutaka au kwa kuona aibu kunikatalia.