Povu la kifafa haliambukizi, mwalimu mshike mtoto

Mama mmoja kutoka Mbagala alimleta kliniki binti yake wa darasa la tano, paji la uso limechubuka na shavu limejaa alama za kokoto. Nikadhani alidondokea kitu. Kumbe alianguka mstarini asubuhi, kifudifudi, akatetemeka kama dakika mbili, na walimu wamesimama pembeni wakiwakemea watoto: "Msimguse! Msikanyage hilo povu!" Kila alipotetemeka, uso wake ulisuguliwa chini, na hakuna mtu mzima aliyesogea kumgeuza.

Maneno hayo nimeyasikia kwa miaka mingi, kutoka kwa wazazi, walimu, hata watu wenye shahada. Nimechoka kuyasikia, kwa hiyo nitayajibu kwa kirefu.

Kifafa hakiambukizi kwa povu, wala kwa mate, mkojo au ushuzi wa aliyeanguka. Ni hali ya ubongo, ambamo seli zake hutoa umeme wa ghafla kupita kiasi. Povu ni mate ya kawaida tu. Mtoto anayetetemeka hamezi, mate yanajaa mdomoni, na pumzi yake inayachanganya na hewa. Likiwa na wekundu, amejing'ata ulimi au shavu. Hakuna kidudu cha kifafa ndani ya povu hilo, kwa sababu kidudu cha kifafa hakipo popote. Mimi mwenyewe nimelowa mate hayo mikononi mara nisizoweza kuzihesabu, nikanawa kwa maji na sabuni, nikaendelea na kazi.

Najua imani hii inapata wapi nguvu. Watu wanaona nyumba moja ina watoto wawili wanaoanguka, wanahitimisha kwamba mmoja kamwambukiza mwenzake. Lakini ziko aina za kifafa zinazorithiwa. Yako pia magonjwa yanayoumiza ubongo na kuacha kifafa nyuma: malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoliwa kwa mikono au chakula kichafu. Magonjwa hayo yanaweza kuwapata wengi wa mtaa mmoja. Kifafa chenyewe hakiruki kutoka mtoto huyu kwenda kwa yule.

Na madhara hayaishii kwenye mchubuko. Yule binti alirudi shuleni akakuta ametengewa kikombe na dawati, wenzake watatu waliokuwa wakibanana naye wamehamishwa. Wiki iliyofuata mama akaambiwa amweke nyumbani "mpaka apone." Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Dawa anaipata. Aliyekatishwa masomo kwa povu, nani atamrudishia miaka yake?

Kwa hiyo, mwalimu, mshike. Kwanza tazama saa. Hili nalisisitiza mpaka wauguzi wangu wananikariri, kwa sababu ukiwa na hofu dakika moja unaiona kumi. Ondoa mawe na madawati, weka sweta chini ya kichwa, legeza tai au pini ya hijabu shingoni. Usimkandamize mikono na miguu. Mtetemo ukiisha, mlaze ubavu mate yatoke, na ubaki naye mpaka ajitambue. Mara nyingi huisha wenyewe ndani ya dakika 3. Ukizidi 5, au akianguka tena kabla ya kujitambua, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali pia kama ameumia, au kama ndiyo mara yake ya kwanza kuanguka. Kwa foleni za Dar, mimi nasema mtu aanze kutafuta bajaji au gari dakika ya tatu, asisubiri ya tano.

Kijiko mdomoni "asimeze ulimi"? Ulimi haumezwi. Kinachotokea ni jino kuvunjika, au kidole chako kung'atwa. Maji, kiberiti na kitunguu puani navyo viacheni. Maji yatampalia.

Mashetani? Mzazi anayetaka dua asome dua, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni dawa kusimamishwa ili dua "ifanye kazi."

"Mwenye kifafa lazima aanguke." Hapana. Wapo wanaozubaa sekunde chache tu, macho yamekodoa, mara nyingi kwa siku, kisha wanaendelea kuandika kama hakuna kilichotokea. Hao wanachapwa kwa kutosikiliza. Mwalimu anayeona hivyo amwite mzazi, aache fimbo.

"Hana akili." Wengi akili zao ni sawa na za wenzao. Akisinzia darasani huenda ni dawa, na dozi inarekebishika tukiambiwa. Michezo acheze, mpira na netiboli pia. Asipande miembe, na asiingie baharini bila mtu mzima anayejua hali yake na asiyemwondolea macho.

La mwisho linatoka kwa wazazi: "Miezi mitatu hajaanguka, nimeacha dawa." Kutoanguka huko ndiyo kazi ya dawa. Kwa kawaida tunafikiria kuipunguza baada ya angalau miaka 2 bila kuanguka, tena polepole, kwa ushauri wa daktari. Dozi zilizorukwa na usiku wa kukesha kwa ajili ya mitihani huwarudisha wengi kwangu. Mwandikie mwalimu wa darasa karatasi: jina la dawa, saa za kumeza, anavyoanguka, namba yako ya simu. Na kama mtoto yuko bweni, muulize matroni swali moja zaidi: siku yeye akiwa likizo, nani anampa mtoto dawa yake ya usiku?