Koki ya sufuria ya bia na moto unaopanda ubavuni

Wengi wanaoanza kutengeneza bia nyumbani hudhani kwamba maji ya kimea yanayochemka ndiyo yatakayoharibu koki na kipimajoto walivyofunga kwenye sufuria. Sivyo. Maji hayo huchemka karibu na nyuzijoto 100, na maadamu yamegusa ukuta wa sufuria, ukuta huo hauwezi kupata joto la kupita hapo kwa kiasi kikubwa. Kinachoharibu ni hewa ya moto inayotoka chini ya kitako, ikazunguka ukingo wake na kupanda ubavuni, palepale ulipo mpini wa koki wenye plastiki, uso wa kipimajoto na mpira wa kutolea bia.

Huku Marekani wengi wetu tunapikia uani kwa jiko la gesi ya propani, na ni sawa kabisa, kwa sababu kaboni monoksidi ya jiko kubwa namna hiyo ndani ya nyumba inaweza kuua. Lakini uani kuna upepo. Siku moja upepo uligeuka wakati nikiwa nahesabu hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na niliporudi nikakuta mpini wa koki umelainika na kipimajoto kimeingia ukungu. Tangu hapo naigeuza sufuria ili koki ielekee kule upepo unakotoka, ndimi za moto zisukumwe upande wa pili.

Kinga yenyewe ni kipande cha bati la chuma cha pua nilichokifunga kwenye fremu ya jiko, chini kidogo ya koki, kikigusa ukuta wa sufuria na kutokeza nje kupita mpini, mithili ya upenu unaokinga hewa ya moto badala ya mvua. Kati ya bati na koki lazima pabaki nafasi ya hewa, la sivyo bati lenyewe litapitisha joto. Tafadhali usitumie bati la kuezekea: lina zinki, na moshi wa zinki iliyoungua hudhuru mapafu.

Kwa bia ya lita 19 napendelea sufuria ya lita 38, kwa kuwa povu hupata nafasi na kitako chake hufunika moto wote. Moto uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi, hewa haitoshi, basi fungua tundu la hewa la jiko. Mipira iwe ya silikoni, ambayo huvumilia zaidi ya nyuzijoto 200, na ile ya kuzibia tundu la koki ikae upande wa ndani, ambako kimiminika huipoza.

Kabla ya kupika bia, chemsha maji matupu kwa saa nzima, ukikagua mivujo. Kisha zima jiko kwanza ndipo ufungue koki, kwani sufuria inayokauka juu ya moto huunguza mipira hiyo kwa dakika chache.