Presha, ubongo na kusahau: maswali ninayoulizwa kila siku ya kliniki

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha na sukari. Hakuna siku inayopita bila kukutana na mtu aliyeacha dawa. Hakukosa nauli, wala dawa hazikumwishia. Ameacha kwa sababu alijisikia mzima. Nikivuka kwenda wodini namkuta mwingine aliyejisikia mzima mwaka juzi, na leo anamtazama mwanawe wa kwanza kama mgeni aliyepotea njia. Ndugu zangu, hawa wawili mara nyingi ni mgonjwa mmoja, ila mnamwona kwa nyakati mbili tofauti. Mtanisamehe basi nikirudia jambo lile lile katika majibu haya.

Presha ina uhusiano gani na kusahau?

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Hauna ghala la kuweka akiba. Kila kitu hufikishwa na damu saa hiyo hiyo, na mishipa inayolisha sehemu za ndani ni myembamba kama uzi wa kushonea, mingine zaidi ya hapo. Presha ikikaa juu miaka nenda rudi, kuta za mishipa hiyo hukakamaa na kunenepa, njia ya damu ikabana. Sehemu iliyokuwa ikilishwa hudhoofu, au hufa na kuacha kishimo, na hicho ni kiharusi kidogo. Kishimo kimoja huenda usikihisi kabisa. Vikiwa vingi, njia zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine hukatika, na mtu huanza kupotea akiwa amekaa nyumbani kwake. Otto Binswanger, daktari wa Uswisi, aliueleza ugonjwa wa namna hii mwaka 1894, kwa hiyo usidanganywe kwamba ni maradhi ya siku hizi.

Demensia si uzee tu?

Si uzee. Demensia ni kuporomoka kwa kumbukumbu, fikra na maamuzi mpaka mtu anashindwa shughuli zake za kila siku. Bibi wa miaka 85 akisahau alipoweka miwani, hilo halinitishi. Akishindwa kupika ugali alioupika maisha yake yote, hapo nataka kumwona. Alzheimer ndiyo aina inayoongoza, inayotokana na mishipa ya damu inafuata, na mara nyingi zote mbili hukutwa kwenye ubongo wa mtu mmoja.

Ile ya mishipa huanzaje?

Haianzi kwa kusahau kila mara, na ndiyo maana familia nyingi huchelewa. Namkumbuka mzee mmoja mwenye duka la rejareja. Mkewe hakuniambia kwamba mume wake anasahau. Aliniambia, "Sista, chenji zinamshinda." Mtu aliyepiga hesabu kwa kichwa miaka thelathini, leo mteja akimpa noti ya elfu kumi anaishika, anaitazama, anaiweka, anaishika tena. Alipoingia chumbani kwangu nilisikia kandambili kabla ya kumwona mwenyewe, maana hatua zilikuwa fupi na miguu haiinuki sakafuni. Alikuwa ameacha kwenda barazani. Usiku hawahi chooni. Watoto wakasema baba amekuwa mvivu na mwenye kiburi.

Presha yake ilikuwa 190 kwa 110. Nikauliza dawa ziko wapi. Mkewe akafungua mkoba akamwaga mezani vibahasha vilivyoandikwa 1x1, vya tangu kabla ya Ramadhani, vingi havijafunguliwa kabisa.

Ugonjwa huu mara nyingi hushuka kama mtu anayeteremka ngazi. Anatulia miezi, mnadhani amepata nafuu, kisha kiharusi kingine kidogo kinampiga na anashuka tena. Pale aliposhuka ni nadra kupanda.

Nimepimwa, presha iko sawa. Niache dawa?

Hapana. Presha iko sawa kwa sababu unameza dawa. Ukiacha itapanda, na haitakupigia hodi.

Lakini kichwa hakiumi wala sisikii kizunguzungu.

Hapana, bado. Watu wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote mpaka siku wanapoanguka. Kichwa kuuma si kipimo cha presha. Mashine ndiyo kipimo. Kama umekuwa ukimeza kidonge siku kichwa kinapouma tu, basi kwa miezi yote hiyo hujatibiwa, hata kama kabati limejaa dawa.

Wanasema ukianza dawa za presha hutoki. Si bora nisianze?

Sentensi hii imeua watu wengi, nasema bila kupepesa. Kinachoendelea maisha yote ni presha yenyewe. Dawa inaifuata tu. Usipoianza, ugonjwa hauondoki. Unabaki na mishipa yako peke yao. Wapo wachache wanaopunguza uzito na chumvi hadi daktari akawapunguzia dozi, lakini anapunguza daktari, kwa vipimo. Hapunguzi jirani, wala aliyekuuzia unga wa mizizi.

Dawa zinanivimbisha miguu. Na mimi, samahani, zinanimaliza nguvu za kiume.

Ahsante kwa kulisema, maana wengi hulificha na kuacha dawa kimya kimya. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu. Za kukojoza zinakusumbua safarini. Na presha yenyewe isiyotibiwa huharibu mishipa ya huko huko unakolalamikia. Dawa za presha ziko za makundi kadhaa. Njoo tukubadilishie. Kuacha zote kwa sababu moja imekusumbua hakukubaliki.

Kitunguu saumu je? Na maji ya ndimu?

Kula kitunguu saumu, ni chakula kizuri. Kisichukue nafasi ya kidonge. Ukitaka jikoni pakusaidie kweli, punguza chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Hesabu na ile ya kwenye kachumbari, na ile unayonyunyizia chipsi.

Kuna utafiti unaothibitisha haya, au ni maneno ya hospitali?

Upo, na mwingine umefanyika hapa hapa Tanzania. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipima wazee wa miaka 70 na kuendelea na kukuta karibu saba kati ya kumi wana presha ya juu. Wengi hawakujua, na katika waliojua ni wachache mno ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa. Huko huko Hai watafiti walifuatilia pia viharusi, wakalinganisha na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na viharusi vipya kama 109 kwa kila watu laki moja kwa mwaka. Dar es Salaam 316.

Marekani, jaribio la SPRINT liliwachukua watu zaidi ya 9,300 wenye miaka 50 na kuendelea. Nusu walitibiwa ili ile namba ya juu ya presha ishuke chini ya 120, nusu chini ya 140. Matokeo ya upande wa ubongo yalitoka mwaka 2019: walioshushwa zaidi walipungukiwa na hatari ya udhaifu wa awali wa kumbukumbu kwa asilimia 19. Kwa demensia kamili tofauti haikutosha kuwa ushahidi, na jaribio lilikuwa limesimamishwa mapema kwa sababu faida kwa moyo na uhai ilishaonekana wazi. Usisome hapa ukaanza kujiongezea dozi ili ufike 120. Wengine, hasa wazee dhaifu, huanguka.

Na kuna hesabu ya Oxford, Uingereza, ya mwaka 2009, ninayowaambia ndugu wote wa wagonjwa wa kiharusi. Walijumlisha tafiti nyingi wakaona kwamba baada ya kiharusi cha kwanza, karibu mtu mmoja kati ya kumi hupata demensia mpya. Baada ya kiharusi kinachojirudia, zaidi ya theluthi. Kwa hiyo aliyepata kiharusi akapona, akatembea, akaacha dawa kwa sababu "nimeshapona", ndiye ninayemhofia kuliko wote.

Mkono ulikufa ganzi nusu saa, maneno yakagoma, kisha nikawa sawa. Niende hospitali?

Nenda leo. Si Jumatatu, si baada ya mazishi, si mpaka mtoto wa mjini atume hela. Hicho ni kiharusi kilichopita karibu yako, na hatari ya kile kikubwa iko juu zaidi siku chache zinazofuata. Wagonjwa wa namna hii wakianzishiwa dawa haraka, wengi wao huepuka kiharusi kinachofuata. Kuisha kwa dalili si kupona.

Mtu akipata kiharusi nyumbani tufanye nini?

Mdomo umepinda upande, mkono hauinuki, maneno hayaeleweki: angalia saa, mtafutieni usafiri. Dawa ya kuyeyusha donge la damu, palipo na huduma hiyo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kwanza lazima kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kionyeshe kwamba ubongo hauvuji damu. Ndiyo maana hatutaki mumpe aspirini nyumbani. Hamjui kama ni donge au ni mshipa uliopasuka. Msimpe uji wala maji, koo linaweza kuwa limepooza na chakula kikaingia mapafuni. Msimchanje. Msimsugue mafuta na kumlaza "apumzike kwanza".

Najua wengi wanaamini ni jini au upepo mbaya. Sitabishana na imani ya mtu. Naomba dua isomwe ndani ya gari. Nimepokea mama aliyeletwa siku ya tatu, bado ana majivu ya ubani kwenye kitambaa cha kichwa, na upande mzima wa kulia umelala. Bintiye aliniuliza kama wangemleta mapema ingekuwa tofauti. Nilimshika mkono. Sikuwa na jibu la kumpa pale kitandani.

Baba ameshapata demensia ya mishipa. Dawa za presha zina faida tena?

Zina faida. Kilichokufa hakirudi, lakini kilichobaki tunaweza kukilinda, kadiri ya hali yake. Asimamiwe kumeza, mtu anayesahau hawezi kujisimamia mwenyewe. Pimeni na sukari. Pimeni masikio, maana asiyesikia hujitenga na akili huporomoka haraka zaidi. Sigara iishe kabisa. Msimfungie ndani na msimgombeze mbele ya wajukuu. Haringi.

Nimeacha dawa miezi mitatu. Nianzie wapi?

Kesho asubuhi nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukisikia dalili zozote kati ya hizo za kiharusi, nenda usiku huu huu. Usimeze vidonge viwili viwili kufidia ulivyoviruka. Beba vibahasha vyote, hata vilivyobaki nusu, hata vya zamani, utuwekee mezani. Hatutakugombeza. Tutakupima mkono wa kulia na wa kushoto, tutakuuliza kwa nini uliacha, na utatuambia ukweli.