Ubongo hujikarabati, lakini haufufui seli zilizokufa: maswali ya ndugu wa wagonjwa wa kiharusi

Wagonjwa wengi wa kiharusi tunaowapokea hapa Dodoma huletwa siku ya tatu au ya nne, baada ya chale, mafuta ya kuchua na maombi, na ndugu zao hutueleza kuwa walikuwa wakisubiri ubongo utulie wenyewe. Maswali haya ni yao.

Tumesikia kuwa ubongo una seli zinazoutunza. Ni zipi?

Ni astrosaiti, seli zenye umbo la nyota. Huzihudumia seli za neva, husafisha mazingira yake na huzitengenezea mafuta.

Je, mafuta tunayokula hayafiki kwenye ubongo?

Lehemu ya chakula, yaani kolesteroli, haifiki. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ilhali umebeba karibu robo ya lehemu yote ya mwili. Lakini kuta za mishipa yake midogo hazipitishi lipoproteini za kwenye damu, yaani chembe za mafuta na protini zinazobeba lehemu, kwa hiyo lehemu hiyo hutengenezwa humo humo. Astrosaiti huiunganisha na protini iitwayo apolipoproteini E, kisha huitoa kama vifurushi vidogo vya lipoproteini, ambavyo seli za neva huvipokea na kuvitumia kujengea utando wake. Basi supu ya kongoro anayonyweshwa mgonjwa ili "ubongo upate mafuta" haiufikii ubongo. Asiyeweza kumeza vizuri humwingia mapafuni, akapata nimonia juu ya kiharusi. Tafadhali, msimpe chochote mdomoni kabla hajapimwa uwezo wa kumeza.

Vichocheo vya ukuaji vina kazi gani hapo?

Ubongo ukijeruhiwa, astrosaiti hutoa kichocheo cha ukuaji, yaani protini inayoziamuru seli, kiitwacho FGF-1, ambacho huziamsha astrosaiti hizo hizo na jirani zake zitengeneze lehemu zaidi na kutoa lipoproteini zaidi. Katika majaribio ya panya waliojeruhiwa ubongo kwa baridi kali, FGF-1 ilionekana kwanza, apolipoproteini E ikafuata. Ni ukarabati wa siku nyingi.

Kama ubongo unajikarabati, kwa nini tusimwangalie kwanza nyumbani?

Kwa sababu lipoproteini hukarabati seli iliyo hai. Seli ya neva iliyokufa kwa kukosa damu hairudi, hata astrosaiti zifanye kazi usiku na mchana. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, inakadiriwa kuwa seli za neva kama milioni 1.9 hufa kila dakika, na kila mnapokaa kujadiliana kama ni upepo mbaya au amerogwa, mnapunguza kile ambacho ukarabati ungekiokoa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kawaida, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa ya CT kuthibitisha kuwa mshipa haukupasuka. Siku ya tatu hatuna tena nafasi ya kuitoa. Msisubiri asubuhi. Msisubiri kaka mkubwa afike kutoka Kondoa. Msisubiri ubongo ujikarabati.

Dalili zikiondoka zenyewe baada ya nusu saa?

Mleteni vilevile, siku hiyo hiyo. Hilo ni onyo la kiharusi kikubwa ambacho kinaweza kufuata ndani ya siku chache.

Tuko kijijini na ni usiku. Tufanye nini?

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakimkwama ghafla, tafuteni usafiri wakati huo huo. Kama amesinzia au anatapika, mlazeni kwa ubavu. Msimpe aspirini, maana kama mshipa umepasuka itaongeza kuvuja damu. Kumbukeni saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa kuwa ndilo swali la kwanza tutakalowauliza, na njooni na dawa zake zote za shinikizo la damu, hata zile alizoziacha kwa kudhani amepona.