Beji Iliyotundikwa Msumarini Haimpimi Daktari

Mvuvi wa Malindi hata avae kofia pana, jua litamchoma kidevu na shingo, kwa sababu maji huurudisha mwanga juu. Ndivyo linavyompata daktari anayeunga mfupa huku akitazama picha za eksirei kwenye skrini. Mionzi mingi inayomfikia haitoki moja kwa moja kwenye mashine. Inatoka kwenye mwili wa mgonjwa: huingia, hugonga nyama na mifupa, kisha sehemu yake hutawanyika kila upande. Mgonjwa mnene hutawanya zaidi, kwani mashine hulazimika kuongeza nguvu.

Kijana aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda hupigwa mionzi hiyo siku moja. Mashine ikizimwa imekwisha. Hana mionzi anayowapelekea watoto nyumbani. Daktari wake hurudi thieta kesho, na wiki ijayo, na mwaka ujao. Kwa hiyo dozi yake, yaani kiasi cha mionzi kinachomfikia, lazima ihesabiwe.

Anayehesabu ni kibeji kidogo cha kubana kwenye nguo. Aina iliyozoeleka ina punje za lithiamu floridi ndani. Punje hizo hutunza nishati ya mionzi, na maabara ikizipasha moto hutoa mwanga. Mwanga ukizidi, ndivyo dozi ilivyokuwa kubwa. Ndiyo maana mimi ninayekagua dozi hizi nawasihi madaktari msiiache beji garini juani. Joto kali laweza kuipunguzia kumbukumbu kabla haijafika maabara.

Wakati mmoja nilisoma ripoti ya daktari mwenye kazi nyingi kuliko wenzake, na kila mara dozi yake ilikuwa sifuri. Nilipoingia thieta niliiona beji: imebanwa kwenye aproni kuukuu ya kujikinga na mionzi, kwenye msumari nyuma ya mlango. Ilikuwa ikipima ukuta. Aliniambia aliogopa kwamba dozi ikionekana kubwa atasimamishwa kazi. Hofu hiyo naijua, na inaniuma, kwa sababu dozi kubwa hutufanya tuuchunguze utendaji wa kazi, si kumsimamisha mtu: mashine imekaaje, na pedali ya kuwashia mionzi imekanyagwa kwa muda gani.

Kikomo cha mfanyakazi ni milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka, ikiwa ni wastani wa miaka 5, na mwaka wowote zisizidi 50. Mikono huruhusiwa 500. Jicho liliruhusiwa 150 hadi mwaka 2011, Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilipopendekeza 20, baada ya kubainika kwamba mtoto wa jicho huweza kuja kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa.

Kwa jicho hilo, beji moja haitoshi. Ya kwanza ivaliwe kifuani, chini ya aproni ya risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi. Ya pili shingoni, nje ya aproni, kwani hiyo ndiyo inayokaribia kutuambia macho yamepata nini. Zikibadilishana mahali, hesabu yote huharibika.

Mrija wa eksirei, sehemu ya mashine inayotoa mionzi, ukae chini ya meza, maana mtawanyiko mkubwa huwa upande mionzi inapoingilia mwilini. Na daktari akiweza kusogea kutoka nusu mita hadi mita moja, dozi hushuka hadi karibu robo. Muuguzi anayeushika mguu hawezi kusogea. Naye apewe beji yake mwenyewe, na aproni inayomtosha.