Ligi ndogo ya besiboli: timu haipandi, anayepanda ni mchezaji

Ukisikia "ligi ndogo" za besiboli ya Marekani, ni rahisi kudhani ni kama Championship yetu ya soka: timu ikishinda inapanda daraja, msimu ujao inapambana na vigogo. Sivyo. Durham Bulls wa jimbo la North Carolina walitwaa ubingwa wa ngazi ya Triple-A mwaka 2022, na msimu uliofuata walibaki palepale. Hata wangebeba kombe miaka kumi mfululizo, wasingepanda. Anayepanda ni mchezaji.

Kila klabu kati ya 30 za ligi kuu, MLB, ina timu nne za kukuzia vipaji: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, iliyobakiza hatua moja tu kufika juu. Jumla ni timu 120. Zilikuwa nyingi zaidi kabla mfumo haujapangwa upya mwaka 2021, na miji kadhaa ikajikuta nje.

Durham wako chini ya Tampa Bay Rays, klabu ya MLB, tangu 1998, ingawa Rays si wenye timu. Mwenye timu ni kampuni ya utangazaji ya Capitol Broadcasting, inayoshughulikia tiketi, vyakula na matangazo. Uwanja ni wa jiji. Wachezaji na makocha ndio wa Rays: wanalipwa na Rays na kupangiwa vituo na Rays. Wakubwa wakimhitaji mrushaji bora wa Durham, anaondoka, hata kama Durham wako katikati ya mbio za ubingwa. Shabiki wa Simba au Gor Mahia angezira.

Evan Longoria alianza msimu wa 2008 Durham. Aprili hiyohiyo aliitwa juu, na Oktoba alikuwa akicheza fainali, World Series. Durham hawakupata ada ya uhamisho, kwani hapakuwa na uhamisho wowote. Wengine husota. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akazunguka ligi ndogo hadi Aprili 2017, alipokuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza MLB. Na kusota huko hakukuwa na malipo ya maana: hata mwaka 2022 kima cha chini cha Triple-A kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka, hadi mkataba wa chama cha wachezaji wa 2023 ulipokifikisha 35,800.

Kwa kuwa wachezaji ni wapita njia, mji hushikilia uwanja. Durham Bulls Athletic Park, wa watu wapatao 10,000, ulifunguliwa 1995 jirani na viwanda vya zamani vya tumbaku. Hata jina Bulls lilitokana na tumbaku ya Bull Durham. Juu ya ukuta wa kushoto kuna bango la fahali, wazo lililotoka kwenye filamu ya Bull Durham ya 1988. Mpigaji wa Bulls akipiga mpira ukatoka nje, macho ya fahali huwaka mekundu na pua hutoa moshi. Ukimgonga fahali mwenyewe, unazawadiwa nyama ya steki. Ukigonga nyasi zilizo miguuni pake, saladi.

Mara nyingine mlango hufunguka kwa upande wa pili: nyota wa Rays anayetoka majeruhi hutumwa Durham siku chache ajipime, kisha hurudi zake.